Mtungi wa Leo: Mwongozo wa Kumwona Mungu Karibu Wakati wa Shida, kwa Mkristo wa Kusini

Siku shamba letu lilipoungua nilikuta majivu bado yana moto chini kwa chini. Ilikuwa Agosti, mikorosho imeanza kutoa maua. Watu waliokuwa wakiwinda panya walichoma nyasi ng'ambo ya korongo, upepo ukageuka. Nilipofika, miti 74 niliyoijua mmoja mmoja ilikuwa imesimama myeusi, majani yamejikunja kama karatasi. Mkorosho ukiungua unatoa moshi mkali unaochoma macho na koo. Ile harufu ilikaa kwenye kanga yangu hata baada ya kuifua mara mbili. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimemzika mume wangu.

Jioni ile mtu mmoja wa kanisani, mwenye nia njema kabisa, aliniambia, "Mama, usilie, Mungu ana makusudi." Sikumjibu. Huenda alisema kweli, lakini neno lilinifikia mapema mno, kama kidonge bila maji ya kukisukuma.

Mwongozo huu ninamwandikia Mkristo wa kusini mwa Tanzania aliye mahali kama pale, awe Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Kilwa au popote palipomshika. Siwezi kumwahidi kwamba akifuata hatua hizi korosho zitarudi au mgonjwa ataamka. Ninachoweza kumwambia kwa moyo wote ni kwamba Mungu ni mwaminifu, na kwamba uaminifu wake huwa unakuja kwa kipimo cha siku moja. Bibi zetu wa uwanda wa Makonde wanaielewa hali hiyo kuliko mahubiri mengi. Juu kule maji ni ya shida tangu zamani. Waliamka alfajiri, wakashuka mabondeni kwa njia za miguu, wakapanda tena na mtungi mmoja kichwani. Hakuna aliyepanda na maji ya mwezi mzima. Kesho walishuka tena, na maji yalikuwapo.

Fuata hatua kwa utaratibu unaouweza. Nakusihi tu usiziruke mbili za mwanzo, maana wengi wetu tunakimbilia za mbele tukiwa na njaa na kilio kimetukwama kooni.

Hatua ya kwanza: kula, kunywa maji, lala

Ukisoma 1 Wafalme 19 utamkuta Eliya chini ya mretemu akiomba afe. Ni nabii mkubwa, ametoka kuona moto ukishuka mlimani Karmeli, na sasa amechoka hadi hataki kuishi. Angalia Mungu alivyoanza naye. Hakumkemea wala kumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akalala. Malaika akamgusa mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maneno ya Mungu yalikuja baadaye sana, huko Horebu, siku arobaini mbele.

Kwa hiyo siku tatu za kwanza za msiba au hasara yoyote, kazi yako ya kiroho ni hii: kunywa uji hata kama hauna ladha, oga, lala. Kama huwezi kulala usiku, jinyooshe mchana kwenye mkeka chini ya mwembe. Kama una watoto, mkabidhi shangazi yao au jirani kwa saa mbili. Mtu akikuletea chakula, kula mbele yake, ili aende zake akiwa na amani.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Tumezoea kumwambia mfiwa afunge na kuomba siku saba. Kufunga kuna wakati wake, na kwa mtu ambaye hajala tangu juzi wakati huo haujafika. Petro na wenzake waliporudi ufukweni baada ya usiku mzima wa kukosa samaki, Yesu aliyefufuka alikuwa tayari ana moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Mtu yeyote aliyewahi kuona wavuvi wa Lindi au Mikindani wakirudi asubuhi na nyavu tupu anaelewa ukubwa wa wema ule. Mazungumzo mazito na Petro yalifuata baada ya kula.

Hatua ya pili: mwambie Mungu ukweli wote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokwama mimi.

Nilikuwa nikiomba sala nzuri. "Baba, tunakushukuru kwa yote." Huku moyoni kuna jambo jingine kabisa, na nadhani Mungu alikuwa akilisikia hilo la moyoni. Ikawa kila nikiomba najisikia kama nazungumza na mgeni sebuleni. Mchungaji wetu mmoja, mzee aliyestaafu, alinipa kazi: nisome Zaburi ya 13 kwa sauti, nihesabu ni mara ngapi Daudi anasema "hata lini". Ni mara nne, katika aya mbili tu. Zaburi hiyo imo katika Biblia, inaimbwa kanisani, na inaanza na lawama.

Maombolezo ni namna ya kuomba ambayo Wakristo wengi wa kwetu tumeiacha msibani kwa wanaolia kwa sauti, na kanisani hatuingii nayo. Irudishe. Chukua kalamu, au sema kwa mdomo kama kuandika si kazi yako, ufuate njia ya Zaburi hiyo:

Mwite kwa jina unalomwita siku zote: Baba, Bwana, Mungu wa mama yangu. Ukimlalamikia unamlalamikia uso kwa uso, hujamgeuzia kisogo.

Sema kilichotokea bila kukipamba. Taja vitu. "Miti imeungua" ni tofauti na "napitia jaribu". Sema kiasi cha deni, taja jina la ugonjwa, taja jina la marehemu.

Uliza swali lako. Hata lini? Kwa nini sasa? Ulikuwa wapi?

Omba jambo moja la leo. Daudi aliomba macho yake yatiwe nuru asije akalala usingizi wa mauti. Wewe unaweza kuomba nauli ya kwenda kliniki.

Mwisho, kama unaweza, sema kitu kimoja alichokutendea zamani ambacho huwezi kukikana. Kama siku hiyo huwezi, acha hapo. Usilazimishe.

Yangu ya kwanza ilikuwa hivi, nimeinakili kutoka kwenye daftari: "Baba, miti imeungua yote. Salfa, dawa ya mikorosho, nilikopa. Hata lini? Ulimchukua baba yao Machi, sikusema kitu. Sasa nasema. Ulikuwa wapi upepo ulipogeuka? Nipe leo neno la kumwambia mtoto kuhusu shule. Najua siku ile nilipojifungua njiani ulikuwapo." Hakuna sauti iliyojibu. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Machi, nilihisi kwamba niliyekuwa nasema naye yupo. Tena Yesu mwenyewe, mbele ya kaburi la Lazaro, akijua anakwenda kumfufua, alilia machozi. Iko Yohana 11:35. Mtu asikuharakishe kupita pale ambapo Bwana alisimama akalia.

Hatua ya tatu: kataa kutafuta mchawi

Baada ya wiki mbili watakuja watu na majina. Shamba limeungua, mume amekufa, lazima kuna mkono wa mtu. Watakutajia mganga wa ng'ambo ya Ruvuma, au watakutajia mke wa shemeji yako. Na upande mwingine atakuja mtu wa dini akwambie ni dhambi yako ya siri, au hukutoa sadaka ya kutosha, na kwamba kuna mafuta au maji ya chupa yatakayofungua njia ukitoa kiasi fulani.

Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri sana siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo kueleza chanzo. Mwishoni mwa kitabu Mungu aliwakasirikia wao.

Kwa hiyo jiwekee neno moja la kujibu, ulirudie bila kugombana: "Ndugu yangu, nashukuru. Mimi na Mungu wangu tunalizungumza." Kisha badili mazungumzo. Usitoe fedha yoyote ya muujiza katika miezi ya shida. Sadaka yako ya kawaida inatosha, na kama huna, Mungu anajua huna. Kumtilia shaka ndugu kutakupotezea mtu ambaye pengine ndiye Mungu alitaka amtume kwako na unga. Nimeiona familia moja ikivunjika hivyo, na msiba wao wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Hatua ya nne: andiko moja kwa wiki nzima

Mtu mwenye huzuni hasomi sura tano. Akili inateleza. Chukua mstari mmoja Jumapili, uende nao hadi Jumamosi, ukiufunga kwenye kazi ya mikono unayoifanya kila siku: kutwanga, kufagia uwanja, kubangua korosho, kusubiri abiria kwenye pikipiki. Kazi ikianza, mstari unaanza.

Hii ndiyo niliyoitumia, kwa wiki sita za kwanza. Wiki ya kwanza, Zaburi 34:18, kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Ya pili, Maombolezo 3:22 na 23, kuhusu rehema ambazo "ni mpya kila siku asubuhi". Maneno hayo aliyaandika mtu aliyekuwa akiutazama mji wake umechomwa moto, na mimi nikiwa natwanga nilikuwa nauona moshi wangu. Ya tatu, Zaburi 23:4. Ya nne, Isaya 43:2, kuhusu kupita katika maji mengi. Ya tano, Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Ya sita, Habakuki 3:17 na 18.

Hilo la Habakuki nilibadilishia miti. Yeye anataja mtini, mizabibu na mzeituni, vitu ambavyo wengi wetu hatujawahi kuviona. Mimi nilisema: mkorosho usipochanua, mbaazi zikiliwa na wadudu, muhogo ukioza ardhini, hata hivyo nitamfurahia Bwana. Siku tatu za kwanza nilipofika "hata hivyo" sauti ilikatika. Nilianza tena siku iliyofuata. Si lazima ulifikie neno lile kwa siku moja.

Hatua ya tano: daftari la mtungi wa leo

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo wote, chukua hii.

Nunua daftari dogo la mazoezi, lile la shuleni. Kila jioni andika tarehe na jambo moja ambalo lilikufikia siku hiyo bila wewe kuwa na uwezo wa kulileta. Jambo moja, mstari mmoja au miwili. Usiandike hisia, andika kitu. Usiandike "leo nimeuona wema wa Mungu". Andika ni nani, alileta nini, saa ngapi.

Haya ni ya kwangu, kutoka wiki mbili tofauti:

"Jumanne. Chumvi iliisha asubuhi. Saa sita jirani kapita na fungu la kisamvu kimeshatwangwa, na chumvi ndani ya kikaratasi. Sikuwa nimemwambia mtu."

"Alhamisi. Nimelia njiani kutoka kisimani. Mtoto wa watu, hata simfahamu, kanibebea ndoo hadi mlangoni."

"Jumamosi. Hakuna kitu leo."

"Jumapili. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa mazishi ya baba yao. Nilitaka kutoka. Mama aliyekaa kando yangu kanishika mkono, hakuniangalia, hakuniachia hadi ubeti wa mwisho."

"Jumatatu. Mwanangu kacheka."

Ile "hakuna kitu leo" niliiacha makusudi. Usidanganye kwenye daftari. Mungu hahitaji tumtungie ushahidi. Lakini ukifika mwisho wa mwezi, rudi nyuma usome yote kwa mkupuo mmoja, ndipo utaona jambo ambalo siku moja moja haiwezi kukuonyesha. Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa na siku 30 na mistari 23. Siku saba tupu. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimeamini kwa dhati kwamba mwezi ule niliachwa peke yangu.

Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akisema, "Hata sasa Bwana ametusaidia." Neno lililonigusa pale ni "hata sasa". Halisemi vita vimekwisha. Linapima njia kuanzia nyuma hadi hapa tulipo, basi.

Asiyeandika atumie njia nyingine: vikokoto ndani ya kopo, fundo kwenye uzi, au amwambie mjukuu amwandikie. Mama mmoja wa Umoja wetu wa akina mama anatumia korosho zilizokaushwa, kila jioni anatia moja kwenye chupa. Anajua kila moja ni ya nini.

Hatua ya sita: omba msaada kwa kutaja kitu

Wengi tunaumia kwa sababu tunasema "tuombeeni tu". Watu wanaomba, kisha wanakwenda nyumbani, na wewe huna unga. Wagalatia 6:2 inasema mchukuliane mizigo, na mzigo lazima uoneshwe ili uchukuliwe.

Mwendee mtu mmoja mmoja, mtajie kitu chenye ukubwa unaojulikana. Kwa kiongozi wa jumuiya au mzee wa kanisa: "Nahitaji watu wanne Jumamosi kusafisha shamba lililoungua." Kwa wenzako wa kikoba: "Naomba marejesho yangu yasogezwe miezi miwili." Kwa mwalimu mkuu: "Naomba kulipa mchango kwa awamu tatu." Kwa mjomba, na hasa kwa sisi Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera ambao ukoo wetu unafuata upande wa mama, usione haya hata kidogo, mjomba ana nafasi yake, na ukimnyima taarifa umemvunjia heshima. Mpelekee habari mwenyewe, mapema, ukiwa umekaa chini: "Mjomba, nimekuja, mambo ni haya." Mjomba wangu alisikiliza, akanyamaza, akauliza swali moja tu, "Jembe unalo?" Kesho yake alikuja na mawili.

Watani nao wasizuiwe. Mlokole mmoja aliwahi kuona vibaya watani wakichekesha watu msibani kwetu. Mimi namshukuru Mungu kwa yule mtani aliyelala kaburini kabla ya mume wangu kushushwa, akidai lazima alipwe kwanza. Nilicheka huku nalia, na kifua kilifunguka.

Na majirani zako Waislamu. Sehemu kubwa ya Mtwara na Lindi tunaishi nao ukuta kwa ukuta, wengi wetu tuna shangazi au baba mdogo ambaye ni Mwislamu. Yule wa kisamvu na chumvi ni mama Mwislamu. Niliyaandika kwenye daftari la Mungu wangu bila kusita.

Kuna jambo moja la fedha lazima niliseme hapa. Mtu akiwa kwenye shida, miezi ya Januari hadi Machi, njaa imeingia na ada inadaiwa, wanakuja wanunuzi wa kangomba wakitaka korosho za msimu ujao zikiwa bado hazijachanua. Wanakupa kidogo leo, wanachukua gunia baadaye. Najua jinsi fedha ile inavyong'aa mtoto akiwa anaumwa. Kabla ya kupokea, nenda kwanza kwa watu watatu uwatajie kiasi unachohitaji: ndugu, kanisa, chama chako cha msingi. Mara nyingi kiasi kinachomfanya mtu auze msimu mzima ni kile ambacho watu kumi wangekichanga kwa jioni moja, kama wangejua. Makanisa nayo yajiulize kwa nini muumini anaona ni rahisi kumwendea mlanguzi kuliko mzee wa kanisa.

Hatua ya saba: tembelea waliotangulia

Ukipata nafuu kidogo, tafuta siku moja utembee.

Kama uko Masasi panda kilima cha Mtandi, penye kanisa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Walikuwa na safari ya kwenda hadi Ziwa Nyasa, wakaishia kuanza makazi hapa. Fikiria watu wale: wamevuliwa ukoo, lugha na jina, sasa wanajenga vibanda chini ya milima ya mawe. Mwaka 1882 wavamizi wa Kingoni walioitwa Magwangwara walifika, wakachoma na kuteka watu. Kazi ilihamia Newala. Baadaye Masasi ikainuka tena, na kanisa lipo hadi leo.

Kama uko njia ya Lindi, pita Nyangao, kisha Ndanda na Lukuledi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipoanza katika milima ya Wamatumbi, watu wakiwa wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya Wajerumani, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani kuelekea bara. Kisha wakaja askari, na njaa iliyoua watu wetu wengi kupita vita yenyewe. Katika nchi ile iliyojeruhiwa kila upande, mwaka 1906 Wabenediktini walianza Ndanda, ambapo leo watu wa dini zote wanapeleka wagonjwa wao.

Keti kwenye benchi la nyuma kwenye mojawapo ya makanisa hayo nusu saa, usiombe chochote. Mimi nilipoketi Mtandi niliwaza juu ya mama mmoja wa mwaka 1882, simjui jina, akirudi kwenye majivu ya nyumba yake. Sikuwa wa kwanza kusimama kwenye majivu Masasi.

Siku ambazo mbingu zimefungwa

Hii siiiti hatua, maana haina utaratibu. Zitakuja siku ambazo umekula, umelala, umeomboleza, umeandika, na bado kuna giza. Zaburi ya 88 imeandikwa kwa ajili yako. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia kwenye giza, bila neno la faraja. Mungu aliiacha hivyo ndani ya Biblia. Isome, funga kitabu. Paulo anasema katika Warumi 8:26 kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo siku hiyo unaweza kukaa kimya kabisa na sala ikawa inaendelea.

Lakini tofautisha giza hilo na ugonjwa. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali au unalala mchana kutwa, huna hamu ya chakula wala watoto, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibiwa. Nenda hospitali ya wilaya, au Ndanda, Nyangao, Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, mwambie daktari yote kama ulivyomwambia Mungu. Na kama wazo la kujiua limekujia, usisubiri ibada ya Jumapili. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, leo, asikuache peke yako hadi mfike hospitali. Kwenda kwa daktari hakumaanishi imani imepungua. Eliya aliomba afe, na Mungu alimtumia malaika wa kumgusa.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, mabasi yalikwama, watu wakalala njiani. Walioanza kutembea peke yao usiku kutafuta njia ya mkato walikuwa hatarini kuliko waliobaki na wenzao wakigawana biskuti na maji. Giza likija, kaa karibu na basi. Nenda kanisani hata kama huimbi. Acha wenzako waimbe kwa niaba yako.

Hatua ya mwisho: beba sukari nusu kilo

Usingoje upone kabisa. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1:4 kwamba Mungu hutufariji ili tupate kuwafariji wengine, na nimegundua kwamba wakati mzuri wa kwenda ni pale wewe mwenyewe bado unachechemea.

Utasikia kuna mtu. Daima yupo. Nunua sukari nusu kilo au mchele kilo moja, na kama huwezi kununua, beba kuni. Piga hodi. Ukikaribishwa, vua ndala, kaa mkekani chini, hata kama kuna kiti. Usimwambie habari ya makusudi ya Mungu. Usimsimulie shamba lako, hadi akuulize. Angalia kama maji yapo mtungini. Kama hayapo, chukua ndoo ukateke. Ukirudi, bandika uji. Akilia, kaa. Akinyamaza, kaa. Ukiondoka, sema utarudi siku gani, uitaje kwa jina, kisha urudi siku hiyo.

Jioni, ukifika kwako, andika kwenye daftari alichokupa yeye.